Besi mpya, ampu, au kiboksi cha DI? Hela ya mpiga besi wa Mwanza ianzie wapi

Jumapili iliyopita baada ya ibada kuna kijana anapiga besi kwenye kanisa moja pale Nyakato alinisubiri nje, shikamoo kaka, nikamwitikia marahaba, akasema kajikusanyia milioni moja na laki mbili, hela ya sendofu na harusi za mwaka mzima na zaidi, sasa anataka kuachana na gitaa lake la zamani achukue la nyuzi tano, active, yaani lenye betri na kikuza sauti kidogo (prii-ampu) ndani, lile la kung'aa aliloliona kwenye simu. Nikamuuliza unapiga wapi zaidi? Akaanza kunitajia rangi. Nikamwambia mdogo wangu sijakuuliza rangi, nimekuuliza unapiga wapi.

Hili swali naulizwa sana, na mwenyewe nilishalikosea mara mbili kwa hela yangu, kwa hiyo ngoja niliweke hapa lote kwa pamoja. Kwa milioni na kitu hivi mpiga besi wa huku ana njia tatu. Ya kwanza gitaa jipya la daraja la kati, mfano Yamaha TRBX304 au Ibanez SR300E, na ukitaka nyuzi tano kuna TRBX305. Ya pili ampu yako mwenyewe, zile ambazo mashine na spika viko kwenye boksi moja, mfano Fender Rumble 100. Ya tatu haina sifa kabisa na haipigwi picha: unabaki na gitaa ulilonalo, unalirekebisha, unafunga nyuzi mpya, unanunua waya wa maana na kiboksi cha DI, kile cha kuunganisha gitaa na miksa, chenye prii-ampu ndani, na chenji inabaki mfukoni.

Mimi ni wa njia ya tatu, nasema mapema ili usije ukadhani nakuzungusha. Ila kuna watu wawili ambao hawatakiwi kunisikiliza, nao nitawafikia.

Sauti yako inapita wapi

Chukua harusi ya kawaida, ukumbi wa Igoma au Buzuruga, watu mia tatu, jukwaani mko sita. Wale wanaokula pilau hawalisikii gitaa lako, wanasikia spika za ukumbi. Kati ya kidole chako na sikio la shangazi wa bibi harusi kuna pikapu, naongelea zile za gitaa, zile sumaku za chini ya nyuzi zinazookota mlio, siyo za kubebea nyanya, kuna waya, kuna miksa ya fundi mitambo, kuna mashine ya ukumbi, halafu ndo spika. Ukinunua gitaa jipya umebadilisha kituo cha kwanza tu. Kama hapo katikati kuna kituo kibovu hata uje na gitaa la milioni kumi sauti inafia hapohapo.

Hili nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa nimenunua gitaa jipya, nailoni bado iko kwenye pikigadi, ile plastiki ya mbele, tukaenda kupiga sendofu ukumbi mmoja njia ya Airport. Fundi mitambo akachukua waya wangu akauchomeka moja kwa moja kwenye tundu la laini (line) la miksa, basi, hiyo ndo besi. Nikapiga wimbo wa kwanza nasikia mvumo tu, kama mtu anaburuta kabati chumba cha pili, noti haijulikani inaanzia wapi inaishia wapi. Nikapandisha nobu zote mpaka mwisho, mvumo ukaongezeka. Wimbo ulipoisha mzee wetu wa bendi akageuka taratibu, hata hakukasirika, akaniuliza, "Ng'wanawane, leo umekuja na besi au umekuja na godoro?" Wale wa nyuma yangu kwenye drams walicheka mpaka fimbo ikaanguka.

Kumbe gitaa halikuwa na shida. Pikapu za gitaa la passive, yaani lisilo na betri, zinataka tundu lenye ukinzani mkubwa, karibu megaomu 1, ndo maana matundu ya ampu za gitaa yametengenezwa hivyo. Tundu la laini la miksa mara nyingi ni kiloomu 10 au 20 tu, linaikamua pikapu, nguvu inashuka na sauti za juu zinakufa, unabaki na godoro. Kiboksi cha DI kazi yake ni kukaa hapo katikati: upande wa gitaa kinaonekana kama ampu, upande wa miksa kinatoa sauti kwenye waya wa XLR kama wa maiki. Na huo waya una siri yake, ndani kuna nyuzi mbili zinazobeba sauti ileile ila moja imegeuzwa kichwa chini, makelele ya njiani yanaingia kote kuwili sawasawa, ikifika mwisho miksa inaigeuza ile moja na kuzijumlisha, sauti inajazana, makelele yanafutana. Mita 20 au 30 kutoka jukwaani mpaka meza ya fundi zinapita bila mvumo. Waya wa kawaida wa gitaa kwa urefu huo unakuwa antena, unaokota kila kitu cha jenereta na taa za disko.

Viboksi vingi pia vina swichi ndogo ya kukata ethi, wameandika ground lift. Ukisikia ule mvumo wa "mmmmm" usioisha hata ukishika nyuzi, bonyeza hiyo swichi kwanza kabla hujaanza kugombana na fundi. Usije ukakata ethi kwenye plagi ya umeme kama wengine wanavyofanya, hiyo siyo ufundi, unaweza kufa na maiki mdomoni.

Sasa kuchagua kiboksi chenyewe. Kama gitaa lako ni passive chukua DI ya active, yenye betri au inayokula ule umeme wa volti 48 unaotoka kwenye miksa. Kama gitaa ni active tayari, hata DI ya passive isiyohitaji umeme wowote inatosha na haizimiki njiani. Yenye prii-ampu ndani ndo tamu zaidi kwa sisi tusio na ampu, kwa sababu inakupa na nobu za kutengeneza sauti kabla fundi hajaigusa. Inayotajwa sana ni SansAmp Bass Driver ya Tech 21, inakula betri, adapta, na umeme wa miksa pia, na toleo la V2 limeongezewa nobu ya sauti za kati, ambayo ndo unayoihitaji. Behringer BDI21 imefuata njia hiyohiyo kwa bei isiyofika hata robo, mwili plastiki, usiikanyage kwa hasira. Mimi nilianza na hiyo ya plastiki, ikanipigia harusi nyingi tu, na mgeni hata mmoja hakuja kuniuliza chapa.

Kuhusu sauti za kati nisikilize vizuri. Uzi wa E, ule mnene wa chini, ukiupiga bila kubana unatetema mara 41 kwa sekunde. Spika za kumbi zetu nyingi hazina sabwufa, ni yale maboksi mawili ya inchi 15 juu ya stendi, hiyo 41 haifiki kwa mtu yeyote wa maana. Kinachosikika ni watoto wake, 82, 123, na kuendelea juu, sikio la mtu linajaza lenyewe huko chini. Ukiongeza besi kwenye nobu unaichosha mashine kwa kitu ambacho spika haiwezi kukitoa. Punguza chini kidogo, pandisha kati, hapo sasa utasikia watu wa meza za nyuma wanaanza kutikisa kichwa.

Kulirekebisha gitaa ulilonalo

Kabla hujalitukana gitaa lako la zamani, lini mara ya mwisho limeshikwa na alenki, ile funguo ya pembe sita ya kurekebishia shingo? Mwanza kuna miezi ya mvua na unyevu wa ziwa halafu inakuja Juni mpaka Agosti kukavu na upepo, mbao inavimba na kusinyaa, shingo inakunja na kukunjuka. Miezi mitatu iliyopita gitaa lilikuwa laini, leo uzi uko juu kama kamba ya kuanikia nguo na vidole vinauma, mtu anasema gitaa bovu.

Jipimie mwenyewe. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza, vile vyuma vilivyokingama kwenye shingo, kwa kidole cha mkono mmoja, na freti ya mwisho kwa mkono mwingine, halafu chungulia kwenye freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa kuwe na kaupenyo kadogo tu, unene wa kadi ya mchango wa harusi, na kadi hizo najua unazo nyingi. Kama upenyo ni mkubwa shingo imekunja mbele, unakaza ile chuma ya ndani ya shingo kwa kuzungusha alenki upande wa saa, robo mzunguko, basi, unaacha mpaka kesho yake unapima tena. Kama hakuna upenyo kabisa na nyuzi zinalia kwenye freti za mwanzo, unalegeza. Ikikataa usilazimishe, chuma ikikatika humo ndani hilo gitaa linakuwa pambo la sebuleni.

Halafu freti ya 12. Gusa uzi juu yake bila kubana upige, angalia kwenye tyuna, kile kipima noti, kisha bana kabisa upige. Noti ya kubana ikiwa imepanda, rudisha nyuma kile kitandiko cha uzi kwenye briji, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, ikiwa imeshuka kisogeze mbele. Nusu saa ya kazi, na ile hali ya kuonekana unapiga besi nje ya tyuni ukienda juu kwenye shingo inaisha, wakati wewe ulishaanza kudhani ni sikio lako.

Nyuzi nazo. Seti mpya ya kawaida, unene wa 45 mpaka 105, ndo njia ya haraka zaidi ya kubadilisha sauti, kuliko pikapu mpya. Kama hela haipo kuna ujanja wa zamani wa kuchemsha nyuzi, mafuta ya vidole na uchafu vinatoka, zinang'aa tena kwa siku chache. Nilichemsha jikoni siku moja, mke wangu akafunua sufuria, akaangalia zile chuma nne zimejiviringisha kwenye maji, akaniuliza tunakula na ugali au na wali. Zikaushe vizuri kabla ya kuzirudisha, ukifunga na maji umejiletea kutu. Wapo pia wa dini nyingine kabisa, James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown kule Marekani, alikuwa anatumia nyuzi laini zisizo na mikwaruzo na habadilishi mpaka zikatike, na dunia nzima inamwiga mpaka leo, lakini yeye alikuwa studio Detroit, wewe uko nje Kirumba na spika za kukodi.

Ampu: nani anaihitaji kweli

Huyu ndo mtu wa kwanza asiyetakiwa kunisikiliza. Kama kazi zako ni hoteli na baa za pembeni ya ziwa, Ijumaa na Jumamosi, bendi ya watu wanne, spika mbili za waimbaji ambazo ukiingiza besi zinaanza kukohoa, basi chukua ampu na usigeuke nyuma. Kule hakuna fundi wa kukuwekea chochote, besi inatoka kwenye boksi lako au haitoki kabisa.

Wati usidanganyike nazo. Kuzidisha wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, sikio linaona imepanda kidogo, siyo mara mbili. Lakini besi inakula nguvu kuliko solo, mtu wa solo anakuja na wati 30 anawafunika wote, wewe ukija na 30 ukaweka na drams utakuwa unapiga kwa imani. Mia moja na spika ya inchi 12 ndo nahesabu kama mlango wa kuingilia, na zikiwepo spika za ukumbi inakuwa monita yako tu, ya kujisikia mwenyewe, unatoa DI nyuma yake kwenda kwa fundi, maana nyingi za sasa zinayo hapohapo. Hiyo ni hoja nzuri ya kuichagua, nakubali.

Uzito ndo umebadilika. Zamani mtu mkubwa alikuwa Ampeg SVT, imetoka 1969, wati 300 za valvu, zile taa za kioo za zamani, kichwa peke yake karibu kilo 40 na chini yake kabati la spika nane za inchi 10, hiyo unabeba na wanaume. Leo Rumble 100 ni kama kilo 10. Kilo 10 unaipandisha bodaboda, unaweka katikati yako na dereva, gitaa mgongoni, unaomba Mungu mvua isishuke kabla ya Pasiansi. Ila kilo 10 siyo kitu kidogo ukishaizungusha wiki nzima. Kwenda Ukerewe kwa meli ya Nansio unaipandisha, unaikalisha mahali ambapo mtu hataweka gunia la dagaa juu yake, unashusha, unapanda tena bodaboda. Ukizungukia Bunda mpaka kivuko cha Kisorya ni hivyohivyo, unashusha unapandisha. Kiboksi cha DI kinaingia kwenye mfuko wa gitaa pamoja na mswaki.

Upande wa Geita na Sengerema mambo yamekuwa mepesi, tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 hivi za lami juu ya maji, tunapiga shoo Geita na kurudi usiku huohuo, foleni ya kivuko imebaki hadithi. Kwa hiyo kama bendi ina gari na kazi zenu ni za upande ule, hoja ya uzito inapungua nguvu, nalisema hilo kwa haki.

Kitu kimoja kuhusu ampu za mtumba, na hapa ndo kosa langu la pili. Nilinunua moja iliyotoka Marekani, bei ya kuokota, nzito, inanukia mbao ya zamani, nikafika nyumbani nikabadilisha plagi tu nikachomeka. Ikafanya "paa", moshi mweupe, na harufu ile ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Nyuma kulikuwa kumeandikwa 120V, herufi ndogo, umeme wetu ni 230V. Aliyeniuzia alisema kwake ilikuwa inawaka, sawa, kwake wapi? Baadhi ya za kisasa zinapokea 100 mpaka 240 zenyewe lakini usiamini mdomo wa mtu, igeuze usome. Na ukishainunua weka stabilaiza, kwenye kumbi umeme unashuka na kupanda kila friji za vinywaji zikiwaka.

Ukipiga nje karibu na maji, wale wadudu wadogo wa ziwani wakiona taa wanakuja kama wingu, wanajaa kwenye kinanda, kwenye kitambaa cha spika, mdomoni mwa mwimbaji. Funika ampu kwa khanga mpaka dakika ya kuanza. Hii siyo ushauri wa kitaalamu, ni kwamba nimeshatoa kilo nzima ya wadudu ndani ya ampu ya rafiki yangu.

Gitaa jipya, sasa

Mtu wa pili asiyetakiwa kunisikiliza ni yule ambaye gitaa lake limekufa kweli: shingo imejipinda kama ubao uliolala nje, chuma ya ndani imefika mwisho wa kukaza, freti zimeliwa mpaka kuna mabonde, au jeki, lile tundu la waya, imechomelewa na fundi redio mara tano na bado inakatakata. Huyo hata ukimpa kiboksi cha dhahabu atapeleka ubovu vizuri zaidi kwa fundi mitambo. Anunue gitaa.

Akinunua, swali la active na passive linakuja. Active ina prii-ampu ndani ya gitaa na betri ya volti 9, unaongeza na kupunguza chini na juu ukiwa umesimama, ile TRBX304 ina na swichi ya kuchagua sauti tano zilizopangwa tayari, kwa kidole kimoja unahama kutoka slap, ile ya kugonga nyuzi kwa dole gumba, kwenda kupiga taratibu. Raha. Ila ukichomeka jeki tu betri inaanza kuliwa hata kama hupigi, jeki ndo swichi. Kuna usiku tulipiga Capri Point, nilikuwa nimeliacha gitaa limechomekwa tangu mazoezi ya mchana, tukafika kwenye sebeni, watu wameshasimama, mama mmoja kavua viatu kabisa, besi ikaanza kukwaruza kama karatasi inachanwa, kisha ikapotea. Kila mtu ananiangalia mimi. Mpiga kinanda akashika besi kwa mkono wa kushoto mpaka wimbo ukaisha, na tangu siku hiyo ananikumbusha kila tukikutana. Passive haijui habari za betri. Nyingi za active za bei hii hazina swichi ya kurudi passive, uliza kabla hujalipa, na betri ya akiba iwe kwenye mfuko kama ilivyo akiba ya vocha.

Pikapu je? Kuna familia mbili kubwa na karibu kila gitaa ni mtoto wa mojawapo. Fender Precision ilitoka 1951, pikapu yake ya vipande viwili ikaja 1957, ile inafuta mvumo yenyewe na ina sauti nene ya katikati inayokaa vizuri chini ya kila kitu. Jazz Bass ilitoka 1960, pikapu mbili, zote zikiwa juu sawa zinafutana mvumo, ukizima moja mvumo unarudi, na hapo kwenye taa za disko utaujua. Kwa kwaya na sifa naona Precision inatosha na kubaki. Kwa rumba na benga mimi naegemea Jazz, pikapu ya nyuma inakupa ule mlio mkavu wa kurukaruka, na huku kwetu benga hatuwezi kuikwepa, hata D.O. Misiani mwenyewe aliyeifikisha mbali akiwa Kenya alizaliwa Shirati, upande wetu wa Mara. Ukialikwa harusi Musoma au Tarime ukawapigia besi nene isiyoruka watakaa chini wale.

Nyuzi nne na nyuzi tano

Huku ndo kijana wangu alikuwa anataka kufika tangu mwanzo. Nyuzi tano zinaongeza B ya chini, mitetemo karibu 31 kwa sekunde, na nimeshasema spika za kumbi zetu hata 41 zinaiona kwa mbali. Kwa hiyo ukiinunua kwa ajili ya mngurumo utakaa unausubiri. Sababu ya kweli ya wapiga besi wa gospo kuipenda ni nyingine: waimbaji wanapandisha ufunguo katikati ya wimbo, mpiga kinanda anabonyeza transipozi, kile kitufe cha kuhamisha ufunguo, mnajikuta kwenye Eb au Db, na kwenye nyuzi nne chini ya E hakuna kitu, inabidi urukie juu na besi inakuwa nyepesi pale ambapo kanisa limesimama. Kwenye tano unashuka tu. Pia mkono hautembei sana, nafasi moja unapata noti nyingi.

Kwa upande wa nne, shingo ni nyembamba, nyuzi ni rahisi kupata madukani, seti ya tano kwa huku mara nyingi unaagiza Dar na unasubiri basi. Nyuzi tano za bei ya chini pia B yake huwa inalegea, inatoa "bwooo" isiyo na noti, isikilize dukani peke yake bila kinanda wala drams. Na kama shida yako ni Eb tu, shusha nyuzi zote nne nusu hatua, ni bure. Anayepiga kanisani kila Jumapili na kwaya inayobadilisha ufunguo kila wimbo, tano ni halali yake. Anayepiga rumba na zilipendwa, nne na ujifunze kuizima noti kwa mkono wa kulia.

Vya kuongezea na chenji

Mkanda mpana, usiteleze, kilo nne za gitaa kwa saa nne ziko kwenye bega lako siyo kwenye picha. Waya wa akiba. Na vizibo vya masikio, elfu chache tu famasi, sisi tunasimama pembeni ya sahani za drams usiku mzima: kwenye desibeli 85 sikio linavumilia masaa nane, kwenye 100 ni kama dakika 15. Mimi sikio la kushoto, upande wa sahani, limeshaanza kuniimbia nikilala.

Kijana bado anaitazama ile picha kwenye simu, najua. Jumamosi ana harusi Buswelu, tumekubaliana Ijumaa jioni aje nyumbani na gitaa lake la zamani tulikague shingo, nimwazime kiboksi changu akapige nacho, asikie mwenyewe kabla hela haijatoka mfukoni. Betri aje nayo.